Kwa Nini Mbuzi wa Bwana Hawaliwi

Bura, Garissa
Machi 1966

Mchungaji mpendwa, uliyeko salama Mombasa,

Nakusalimu katika Bwana. Nimepokea barua yako ya kuniagiza niwauze mbuzi wa zaka, fedha ziletwe huko mnunue kinanda. Kabla sijatii nina malalamiko. Mganga wa zahanati anasema mapafu yangu hayatazifikia mvua zijazo, kwa hiyo naandika kama mtu asiyeogopa tena kuondolewa katika baraza la wazee wa kanisa, hasa kwa kuwa baraza lote nimebaki mimi.

1. Vita vilipoanza, ulipokimbia, samahani, ulipohamishwa, uliniachia chuma cha chapa chenye umbo la msalaba. Uliniagiza kila mbuzi wa kumi achomwe pajani, nisije nikachanganya mali ya Bwana na yangu. Nilitii. Nimekuwa karani wa mahakama. Sikuwahi kukosea hesabu ya mtu, sembuse ya Mungu.

2. Kiangazi kilichopita walikuja shifta, wale waasi wa porini, wakaswaga nusu ya mbuzi wangu. Wa Bwana hawakuwagusa. Mkubwa wao aliitazama ile chapa, akatema mate, akawaambia vijana wake, "Waacheni hao, ni wa kanisa. Mtu akila huyo kisha akafa, tutamzika upande gani?"

3. Wiki iliyofuata wakaja askari wa serikali, kutuadhibu kwa kuwa shifta wamekula kwetu. Hao ni Wakristo wa bara. Koplo alivua kofia mbele ya beberu wa zaka. Akaivaa tena, akawachukua wangu waliosalia. Nikabakiwa na watatu, na hao ni kwa sababu walikuwa wanaharisha.

4. Je, ni haki? Anayesali ni mimi, anayelindwa ni mbuzi. Ulituhubiria kwamba mtoa zaka hufunguliwa baraka. Zimefunguka kweli, ila zimewaangukia waliotolewa.

5. Mke wangu Ebla, ambaye hajabatizwa na hana haraka, ameniuliza: "Mzee, kama fungu moja linalindwa hivi, kwa nini usimpe huyo Mungu wako yote kumi?" Katika mahubiri yako yote juu ya uwakili mwema sijasikia hoja iliyonyooka kama hiyo.

6. Kwa hiyo naomba zaka ipandishwe. Kanisa lichukue tisa, nibaki na mmoja. Au lichukue wote, mimi niwe mchungaji wao wa kuajiriwa, nilipwe maziwa. Mkikataa, basi Bwana naye awatoe wake waliwe kwa zamu, kama wa watu wengine.

Hadi nipate jibu, sitauza hata mmoja.

Nisalimie mama mchungaji, watoto, mashemasi, na yule mpiga kinanda asiye na kinanda. Sisi huku tunakohoa, lakini tunaendelea.

Wako katika utumishi, kwa muda uliobaki,
Yohana Duba
Mzee wa kanisa, na kanisa lenyewe

N.B. Tafadhali ipuuze namba sita. Nilipomaliza kutia sahihi, Ebla aliniuliza kama nimekueleza yote, na si vizuri nife nikiwa nimekuficha. Sikungoja ruhusa. Wale watatu niliwachoma chapa zamani. Kisha akaja jirani yetu Billow na mbuzi wake, akasema watoto wake hawana chakula kingine ila maziwa yao. Akafuata Maka, yule mjane. Sheikh Kerrow alikuja mwisho kabisa. Aliizungusha chapa mkononi, akasema huo si msalaba, ni njia panda, akaniletea wake wote. Leo Bura nzima haina mbuzi asiye wa Bwana, na tangu hapo hajachukuliwa hata mmoja, si na shifta wala na askari. Wako ni wepi, hata mimi siwezi kukuonyesha. Usimtume mtu kuja kuwatenga. Tuma chuma kingine. Hiki kimeliwa na moto, na kesho wanaleta ngamia.