Kiboko Ni Mwepesi Kuliko Malaika

Jumatatu, 11 Agosti

Mshenga wangu, Mzee Edward, amerudi kutoka kwa kina Levina. Mama yake Levina hajakataa, ila hajakubali. Amesema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu ambaye kazi yake haionekani kwa macho. Atatoa jibu baada ya Jubilei ya parokia.

Haionekani kwa macho! Sasa si ndiyo yenyewe? Mimi Evod ni msanii wa kidijitali. Unaelekeza kamera ya simu kwenye picha, na ndani ya simu anatokea kiumbe juu ya ile picha. Anatembea, anageuka, anakuangalia. Ukishusha simu, hakuna kitu. Ifakara nzima tunaoiweza kazi hii tuko wawili tu, na huyo wa pili ni Maximilian, kwa hiyo niko mmoja.

Nampenda Levina. Anafundisha chekechea Mlabani, ana subira. Amenisubiri kuliko nilivyostahili, ingawa hilo sitamwambia.

Nimepata wazo. Mama haamini kwa sababu hajaona. Dawa yake ni aone. Aone siku ya Jubilei, mbele ya parokia nzima.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa paroko, Padri Emanuel. Nikamweleza mpango: bango la Jubilei litatundikwa mbele kanisani, waumini wataelekeza simu, na juu ya bango atapaa malaika. Padri akauliza kama huyo malaika anatumia umeme. Nikasema hapana. Wala bando. Programu nimeitengeneza isitegemee mtandao, mtu anamrushia mwenzake kwa simu, basi. Padri akafurahi. Amenipa nafasi baada ya komunyo.

Kasoro ni moja. Bango amelichora Maximilian. Kanisa, mnara, masuke ya mpunga pembeni. Mchoro wa kawaida sana. Watu wanausifu. Mama Levina, ambaye ni mwalimu wa kwaya ya akina mama, alimwita "mwanangu" mbele yangu mimi nimesimama pale. Shikamoo yangu aliijibu "haya".

Sawa. Mchoro wake ndio utakuwa mlango wangu. Yeye kachora, mimi natokea juu yake. Simu ikiuona tu ule mchoro, popote ulipo, kiumbe anatoka. Popote! Maximilian hawezi hilo hata alale na kompyuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Malaika amekataa. Mzito. Mabawa peke yake yana manyoya mengi kuliko uwezo wa simu za hapa. Nimemjaribu kwenye simu ya Mayunga, rafiki yangu wa bodaboda. Ikazima. Ikawaka. Ikazima tena, safari hii ikiwa ya moto. Mayunga aliipepea kwa kofia.

Kwa majaribio nimemweka kiboko mahali pake, juu ya mchoro uleule. Ninaye tangu mwaka jana. Nilimtengenezea mwenye nyumba ya wageni mmoja, akamkataa, akidai ni halisi mno. Kweli ni halisi. Nilikaa asubuhi nyingi kando ya mto Kilombero nikiwatazama wenyewe. Wangu anapiga miayo, anageuka, anatupa mgongo, halafu anatikisa mkia na kutawanya kinyesi kama wafanyavyo mtoni. Kinaruka vizuri sana. Bonde zima hakuna msanii anayekiweza kinyesi kile.

Na ni mwepesi! Simu haikupata hata joto.

Mayunga alicheka mpaka akashikilia pikipiki. Ameomba abaki naye aendelee kujaribu. Nimemrushia. Nimemwambia asimpe mtu. Amesema sawa.

Jumamosi, 16 Agosti

Levina amekuja jioni. Mama yake na fundi cherehani hawasalimiani. Sare za Jubilei zimefika, kitenge cha kijani, na katikati umepigwa chapa mchoro uleule wa Maximilian, mkubwa. Wanakwaya wengine fundi amewawekea mchoro kifuani. Mama yake ana mwili, kitambaa kikapelea, na fundi katika kukigeuza-geuza ili gauni litoshe, kanisa likaangukia nyuma. Chini ya kiuno. Lote, na mnara wake. Muda wa kushona jingine haupo.

Nikamwambia hayo ni ya mafundi, hayanihusu. Mimi nina malaika wa kupunguza manyoya. Levina akauliza kama nina hakika simu itasoma bango peke yake. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Akaaga. Chai hakuimaliza.

Jumatano, 20 Agosti

Ushindi! Malaika anapaa. Nimemnyoa. Kwa mbali anafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu, lakini anapaa. Nimemweka kwenye simu yangu, ya Levina na ya Padri. Wengine watarushiana Jumapili asubuhi nje ya kanisa.

Nimepita kijiweni kwa kina Mayunga. Vijana wote wa bodaboda wameinamia simu, wanacheka. Walipoona ni mimi wakaficha simu. Wivu. Maximilian naye alikuwepo, ananunua muhogo wa kukaanga. Akanipa pole. Sikumwuliza ya nini, nisije nikamfaidisha.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimepiga pasi shati. Nimejifunza mbele ya kioo namna ya kupokea sifa bila kuonyesha meno yote. Kesho Mama ataona. Usingizi hauji, moyo unapiga kama mashine ya kukoboa mpunga.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika kwa utaratibu ili nisipandwe na hasira.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Asubuhi nilipowaambia watu wapokee programu, karibu kila mtu alisema anayo tayari. Nikafurahi. Nikadhani Levina amenisaidia kuisambaza.

Baada ya komunyo Padri akatangaza simu zielekezwe mbele, kwenye bango, tumshukuru Mungu kwa kipaji cha kijana wetu Evod. Nikasimama, nikainama kidogo. Kwaya ya akina mama ikajipanga mbele ya bango. Wanakwaya huwatazama waumini. Mwalimu wa kwaya huwatazama wanakwaya. Maana yake waumini wanatazama mgongo wa mwalimu.

Simu zikainuka kanisa zima.

Viboko. Mmoja juu ya bango. Mmoja mmoja kwenye kifua cha kila mwanakwaya, sauti ya kwanza na ya pili, wote wanapiga miayo. Na mmoja kwa Mama Levina, mkubwa kuliko wote, kwa sababu mchoro ule ulikuwa umenyooka vizuri kuliko hata wa bangoni. Mama alipokwenda kulia kiboko alikwenda kulia. Alipokwenda kushoto, naye yumo. Simu hazikumpoteza hata kidogo. Kwa upande wa ufundi ilikuwa kazi safi. Kisha kiboko akageuka, akatupa mgongo, akatikisa mkia.

Kanisa lililipuka. Mama alidhani ni furaha ya Jubilei. Akaongeza kasi ya mikono. Kadiri walivyocheka ndivyo alivyoongeza. Mzee Edward alikuwa amejikunja kwenye benchi, mabega yanatikisika. Nikadhani anasali. Mshenga wangu mwenyewe!

Aliyemwonyesha Mama ni Maximilian. Alimfuata na simu baada ya misa, kwa heshima zote, na shikamoo juu. Mama akaangalia. Akaangalia tena. Akauliza huyo ni mnyama gani. Maximilian akamweleza kwamba huyo ni kiboko, na aliyembeba ni yeye Mama.

Malaika alipaa kwenye simu tatu. Hakuna aliyemtazama.

Nilimwamkia Mama pale uwanjani. Hakuitikia. Levina alikuwa ameegemea ukuta, anacheka hajiwezi. Nikasogea. Kumbe hakuwa anacheka tena. Iliniuma sana. Nilitaka kumwambia neno zuri, likanitoka kwamba angalau simu hazikukwama. Akaondoka.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimembana Mayunga. Ameapa hakumpa mtu yeyote. Aliwarushia wa kijiweni tu, na hao si watu, ni wenzake. Wenzake wakawarushia abiria. Jamani!

Mzee Edward amekwenda kuomba jibu. Amerudi nalo. Mama amesema sasa kazi yangu ameiona.

Jibu ndilo hilo. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 27 Agosti

Padri ametuketisha nyumbani kwake, mimi na Mama. Mama akasema sare ile si ya siku moja. Wataivaa kwenye misiba, harusi na vikao vya jumuiya mpaka ipauke, na yeye hawezi kuishi akiogopa kuwapa watu mgongo. Kwa hiyo nipite nyumba kwa nyumba, kiboko afutwe kwenye kila simu kwa mkono wangu, na kila mlango niombe radhi. Na nisirushe tena kitu chochote kwenye simu za watu. Nikitimiza, atamjibu mshenga. Nikishindwa, Levina asinisubiri.

Nimeapa mbele ya Padri. Nimeapa kwa moyo wangu wote, na machozi kidogo. Padri akanipa kitambaa chake.

Kabla sijatoka nikaomba simu yake nikague. Kiboko alikuwemo. Padri akasema anashangaa amefikaje. Akaniomba, kabla sijamfuta, nimwonyeshe mara ya mwisho ule mkia.

Jumanne, 2 Septemba

Tumezunguka kwa pikipiki ya Mayunga mpaka kiuno kimekufa ganzi. Mitaa ya Viwanja Sitini, Kibaoni, Lipangalala. Vumbi tupu. Watu wanaficha simu. Mwenye duka mmoja amesema tangu ampate kiboko wateja wanakaa, kwa hiyo kwa kumfuta mimi ndiye nimemharibia biashara. Nikamwomba radhi kwa kumpa na kwa kumnyang'anya.

Huko Chita wanaye wafanyabiashara wa mpunga. Walimpata kwenye treni. Treni ikaendelea naye.

Uchindile, mbali kabisa, tulimkuta Bibi Mbuke, anaishi peke yake jirani na mashamba ya miti. Amebandika kipande cha kile kitenge ukutani, mjukuu wake alimletea pamoja na simu. Kiboko humtokea jioni, wanaongea. Akaniomba nimwachie. Akasema ni mgeni mzuri, hali, hanywi, hajibu ovyo. Nilimfuta. Bibi hakulalamika, alitufungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Nilijisikia mwizi safari nzima ya kurudi. Mayunga naye hakucheka.

Jumapili, 7 Septemba

Mama amekubali!

Nilimwamkia nje ya kanisa. Akasema marahaba, baba. Baba! Akasema amesikia nilikofika, mpaka Uchindile, na mtu anayeweza kupigwa na vumbi lote lile kwa ajili ya binti yake si mtu wa hovyo kabisa. Mzee Edward ameambiwa aende tupange. Sherehe ya kumuaga Levina itakuwa Oktoba. Maximilian alikuwa pembeni, ikabidi anipe mkono. Levina akanishika mkono wa pili mbele ya mama yake. Sijawahi kufurahi namna hii.

Mchana Levina amenionyesha sare ya sherehe. Kitenge cha bluu, tausi katikati, mkubwa, mistari yake imekolea. Mchoro safi ajabu. Simu itamtambua hata akiwa mbali, hata nguo ikiwa na mikunjo. Mama ameshapeleka chake kwa fundi. Fundi ni yuleyule, wamepatana.

Niliapa kutorusha kitu kwenye simu za watu. Nakumbuka vizuri. Lakini sherehe ni yetu wenyewe, na zawadi si kitu, ni zawadi. Malaika akiwashukia wageni wote kwa pamoja, hapo ndipo Mama ataelewa nilichokusudia tangu mwanzo. Levina sijamwambia, nataka ashtuke.

Nimemnyoa malaika mara ya pili. Bado mzito.

Kiboko mmoja alikuwa amebaki kwenye kompyuta. Kompyuta si simu, Mama hakuitaja. Nimemweka juu ya tausi kwa majaribio tu, halafu nimemrushia Mayunga. Nimemwambia asimpe mtu. Amesema sawa.