Match ni Kiberiti

Jumatatu, 3 Machi 2014

Meza yangu imesimama sokoni Bwera. Kibao: Eridadi, mfasiri wa Kiingereza. Mwalimu Ronnie alikisoma, akauliza Kiingereza nilisomea wapi. Wivu tu.

Mteja wa kwanza: Marie-Louise, mkimbizi wa Beni, ng’ambo ya mpaka, muuza sabuni na viberiti. Kapata ujumbe kwa simu kutoka Kasese, ofisi inayotafuta ndugu waliopotezana vitani. “We found a match. Come Thursday.” Rahisi. Match ni kiberiti. Nikamwambia wamegundua viberiti vyake vilivuka mpaka bila kibali. Akienda Alhamisi, watamkamata.

Akashika kichwa. “Mimi niliendaka kule juu ya dada yangu Alliance, hapana juu ya viberiti.”

Nikamshauri asiende, na katoni azifiche kwangu. Tatu. Jikoni kwangu kiberiti kiliisha wiki jana.

Jumanne, 4 Machi

Afande kasimama mlangoni kwangu. Nikaingia chooni, nikakaa saa nzima. Alikuwa anaulizia muuza chapati.

Jumatano, 5 Machi

Ronnie kamkuta Marie-Louise akilia, kausoma ujumbe, kaleta kamusi nene sokoni. Mbele ya watu! Eti match ni maneno mawili. La moto limetoka kwa Wafaransa: mèche, utambi wa taa.

“Mèche?” Marie-Louise akashangaa. “Si ile tunasukia nywele?”

La pili ni Kiingereza cha kale: mwenzi, anayelingana nawe. Hata mechi ya mpira imetoka humo.

“Wamepata mtu anayelingana na maelezo ya dada yako,” Ronnie akamwambia.

Marie-Louise akakalia gunia la maharage. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 7 Machi

Jana alikwenda. Leo karudi na Alliance, mwembamba lakini mzima. Wameshikana mikono kama watoto. Mwili wangu wote ukalegea. Sikujua kama nilikuwa nimeogopa hivyo. Nimerudisha katoni, pungufu viberiti viwili. Marie-Louise akacheka: “Eridadi, uko mutu mubaya.” Nimelala mchana kutwa, usingizi mtamu.

Jumamosi, 8 Machi

Danieri, muuza chumvi, kaleta ujumbe: “Salt left Kabatoro.” Alidhani chumvi yake iko njiani. Nikamkataza kudhani. Left ni kushoto, naijua tangu darasa la kwanza, wala haina maana nyingine. Kaondoka na baiskeli kwenda Kabatoro, kuitafuta upande wa kushoto.