Nikolao Haendi Masasi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Kitangari.

Shule imeletewa runinga kubwa kama mlango. Wameitundika darasa la sita. Mwalimu mmoja, Veridiana, anakaa zake Masasi na kufundisha hesabu shule sita kwa mpigo. Nikolao, mwalimu wetu wa hesabu na mpangaji wangu, kazi yake sasa ni kuwasha. Leo kaacha ugali nusu. Nikamuuliza nani kafa. Akasema hakuna, Bibi, ila kioo kikiweza kazi peke yake, mimi nahamishiwa Masasi.

Hahami. Mimi sikutia mguu shuleni. Herufi zote hizi kanifundisha yeye, barazani kwangu, nikibangua korosho. Tumefika ukurasa wa kumi na tisa. Wa ishirini nitasoma na nani? Kioo hakiji barazani.

Jumanne, 7 Oktoba.

Dawa nimeipata. Kile kioo kinakula jua. Paneli zake ziko nyuma ya choo cha walimu, chini kabisa, zimelala upande. Alfajiri nimekwenda na ungo, nikaanika makopa ya muhogo juu yake. Yakateleza. Nikatandika kanga kwanza, yakatulia. Mwanamke anayeanika muhogo haulizwi na mtu.

Saa nne kioo kimezima. Watoto nimewasikia wakishangilia mpaka shambani.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Lawama zimemwangukia Nikolao. Mwalimu mkuu, Benjamin, kasema anayewasha ndiye anayetunza. Nikaenda ofisini mwenyewe. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, nikamwambia muhogo ni wangu, umekauka vizuri kuliko wa juu ya jiwe, achukue kidogo. Kachukua, nami nikaanua uliobaki. Kisha kasema kesho afisa elimu anakuja kuona kama kioo kinatosha bila Nikolao.

Vizuri. Nitamwaibisha Veridiana mbele ya afisa.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Nimevaa kitenge cha Pasaka, nikakaa dawati la mbele. Nilijua Veridiana hatamsalimia mtu mzima. Kitu cha ukutani kina adabu gani? Kumbe kioo kina kamera, inaona dawati la mbele tu. Akatokea, akasema shikamoo Bibi, karibu darasani. Nikaitika kabla sijajizuia.

Nikamtupia swali. Magunia matatu ya korosho, kila moja kilo themanini, unyaufu wa kukauka umekula kilo sita, zimebaki ngapi? Akajibu hapo hapo, mia mbili thelathini na nne, tena akauliza kama mizani niliikagua. Mtoto ana akili. Nikaona nimekwisha.

Mara nyuma yangu Nuria, mjukuu wa jirani, akaanza kulia chinichini. Hesabu imempita. Veridiana anaendelea tu, atamwonaje kutoka Masasi? Nikolao alishapiga magoti pembeni ya dawati, anamchorea magunia sakafuni kwa chaki. Nuria akafuta kamasi, akapata jibu.

Afisa akaandika weee. Mwisho kasema kioo kifundishe, Nikolao azunguke, haondoki. Watu wote wanampongeza Nikolao. Swali lilikuwa la nani?

Jumapili, 12 Oktoba.

Sasa tumtulize kabisa. Mwanamume wa miaka thelathini asiye na mke begi lake halikai mbali na mlango. Nimeulizia, Veridiana hajaolewa. Baada ya misa nimempelekea jogoo kwa basi, na barua ya posa mguuni, mwandiko wangu mwenyewe.

Jioni Veridiana kapiga simu. Jogoo kafika. Nikolao anamjua, kila wakimaliza kipindi wanabaki kiooni wakiongea. Anasema anamtaka. Ila Masasi haondoki, ana mama mgonjwa.

Nikolao kusikia hivyo, kaja kuniomba kalamu. Kaandika barua, nami nimeisoma neno kwa neno, bila msaada. Anaomba uhamisho kwenda Masasi. Masasi kaiandika kwa herufi ndogo, nimemsahihisha.

Waache waoane huko. Huyo mama mgonjwa nitamfuata mwenyewe Jumatano, nimlete huku apate hewa ya uwanda wa juu. Akija mama, Veridiana atabaki kwa nani? Kabla ya Krismasi wote watatu wako barazani kwangu.