Kiti Chekundu cha Ukumbi wa Dansi

Ijumaa, 7 Juni

Mkufunzi amegawa mada za utafiti. Mimi nimepata dansi za kawaida za mtaani: nani anacheza na nani, na kwa nini. Ripoti isipokubaliwa, narudia mwaka. Shangazi, ambaye nalala kwake na kula kwake, alilisikia neno kurudia. Bila kuinua macho kwenye cherehani akasema mwaka huo nitautumia kupiga pasi nguo za wateja wake.

Sijui kucheza dansi. Si tatizo. Daktari wa meno si lazima awe ameng'olewa jino.

Ili kuokoa muda nimeanza na hitimisho: "Watu huenda dansini kutafuta wachumba." Limekaa vizuri. Nimelipigia mstari kwa rula. Umebaki ushahidi tu.

Habari mbaya: ukumbi huohuo amepewa pia Miwani, yule wa darasani kwetu ambaye hata akipiga chafya mkufunzi humwambia amejieleza vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Ukumbini, alasiri. Feni mbili, inazunguka moja. Sakafu ya mbao iliyopakwa nta. Watu wazima wengi, viatu vimeng'arishwa. Muziki unapigwa na mama mmoja mwenye kipaza sauti asichokihitaji. Wanamwita Mama Santuri.

Miwani alipofika tu alivua koti akaingia kucheza na muuza mboga. Huo si utafiti, ni starehe. Mimi nilitafuta mahali pa kuonea. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, na kumbe kando ya dirisha kuna kiti kimoja chekundu, kitupu, kinatazama ukumbi mzima. Nikaandika: "Wachezaji hawajui kuchagua mahali." Nikakaa.

Halafu maajabu. Akaja karani wa posta, mama wa makamo, akaninyooshea mkono. Nilikataa kwa adabu. Akasema taratibu tu, mwanangu, hakuna haraka, akaninyanyua. Nilimkanyaga. Hakukasirika, alinipapasa mgongo. Wimbo uliofuata akaja mwingine. Nikamkanyaga naye, akaniambia pole. Namkanyaga mimi, pole ananipa yeye. Wakaendelea hivyo kwa zamu mpaka mwisho, kila wimbo na mtu wake. Alikuja hata fundi bomba, baba mzima mwenye masharubu, akanizungusha kama koki iliyokaza. Huyo nimemwacha nje ya takwimu.

Hitimisho linathibitika lenyewe. Miaka yote hii nilidhani nina sura ya kawaida.

Miwani alikuwa ananifanyia ishara kutoka upande wa pili, anakionyesha kiti na kutikisa kichwa. Wivu ni maradhi.

Jumatano, 12 Juni

Nilivaa shati jeusi, maana jeupe lilikuwa kambani bado. Mafanikio makubwa zaidi. Mama Santuri aliponiona alibadilisha muziki, akaweka nyimbo za polepole. Mama mmoja aliniegemeza kichwa begani kwake akasema atapatikana mwingine, ila wa kwanza hasahauliki. Nimeandika: "Anajipigia debe." Muuza mboga akaniuliza kwa sauti ya chini kama aliteseka sana. Nikadhani anamwulizia karani wa posta. Nikajibu hapana, ni kidole kidogo tu. Akanikumbatia.

Jambo zuri la ukumbi huu ni kwamba hakuna anayecheka miguu yangu. Nimeanza kupenda kuja. Hili sitaliandika kwenye ripoti.

Mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alisimama mlangoni karibu alasiri nzima, kofia mkononi. Hakucheza, na hakuna aliyemwendea. Aliondoka kabla ya mwisho. Nimemwandika: "Mtazamaji. Hana umuhimu."

Nje Miwani alinishika mkono, anataka kuniambia jambo kuhusu kile kiti. Nilimwambia kila mtafiti ale kwenye sahani yake. Akasema haya, ndugu yangu, sikio la kufa halisikii dawa. Ndiyo maneno ya watu walioshindwa.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya.

Karani wa posta ni mteja wa shangazi. Sikujua. Alikuja kupimwa gauni, na kabla hajavua hata viatu akampa shangazi pole ya kufiwa na mkwe. Shangazi akauliza mkwe gani. Karani akamjibu kwa huruma, mkwe wako, mama, mke wa yule kijana wako, kijana mwenyewe tunamwona kila dansi amekaa kwenye kiti.

Niliporudi kutoka chuoni nilimkuta shangazi ameketi mbele ya cherehani na hashoni. Sijawahi kuiona imenyamaza mchana. Akaniuliza yule mke nilimuoa lini, na nilimzika wapi, na yeye alinikosea nini hata nikaona nifanye yote mawili bila kumwambia. Alikuwa na machozi. Nikasema sijaoa, shangazi. Machozi yakakauka pale pale, akatafuta futi ya kupimia, nayo ni ya mbao.

Baadaye alinieleza. Mtu mzima yeyote hapa mtaani anajua. Kile kiti ni cha aliyefiwa na mwenzake. Mfiwa anatamani muziki lakini anaona haya kuinuka mwenyewe, basi hukaa pale na wenzake humfuata, kila wimbo mmoja. Haulizwi kwa nini amekaa pale wala hasemwi, na hatua zake hazikosolewi. Siku atakayoinuka mwenyewe akamwomba mtu wacheze, msiba umeisha. Halitangazwi jambo hilo, na hakuna wa kulieleza, maana anayekaa pale anajua kwa nini amekaa.

Kwa hiyo takwimu zangu zote ni rambirambi.

Nimefikiria sana. Ripoti ni ya Jumatatu. Nimebadilisha neno "wachumba" likawa "wenza". Hitimisho bado linasimama, likiegemezwa.

Jumapili, 16 Juni

Nilikwenda mapema nikakae mara ya mwisho, nikusanye ushahidi kidogo wa akiba, halafu nitoweke kwa heshima.

Yule mzee wa suti ya kijivu alikuwa tena mlangoni. Mama Santuri alikuja kuninong'oneza, na mnong'ono wake unafika barabarani. Akasema mzee alimzika mkewe mwezi wa nne. Walicheza hapa tangu ujana wao. Tangu juma lililopita anakuja, anakuta kiti kina mtu. Walitaka kuniomba nimpishe, yeye akakataa. Alisema mwacheni kijana, msiba wa ujanani ni mzito, mimi niliishi naye miaka mingi.

Nilihisi kiti kinaungua. Niliinuka.

Sikukumbuka maana ya kuinuka. Muziki ulizimwa. Ukumbi mzima ukanigeukia kwa nyuso za furaha, wanangoja nimwombe mtu. Karani wa posta alikuwa tayari anafuta machozi. Mguu ukakataa kwenda mbele, ukakataa na kurudi. Ndipo nikamwona shangazi mlangoni, amenifuata, ameshika mkoba kama silaha. Nikamnyooshea mkono, maana ndiye pekee niliyemfahamu.

Alicheza na mimi hatua chache, nikamkanyaga, naye akasimama. Akawaambia wote, jamani, huyu hajawahi kuwa hata na mchumba.

Fundi bomba alikuwa ananitazama vibaya.

Mzee alivuka ukumbi polepole, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha suruali magotini. Akaniuliza, sasa mwanangu, wewe ulikuwa unamlilia nani? Nikasema nilikuwa nafanya utafiti, mzee. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole sana.

Hapo ndipo walipocheka. Mzee naye alicheka mpaka akavua kofia. Kisha muuza mboga akamwendea, akamnyooshea mkono, na hakuna aliyenitazama tena. Nilikaa sakafuni karibu na mlango. Anacheza vizuri sana yule mzee. Mkono wa kushoto anauweka juu kidogo kuliko lilipo bega la muuza mboga. Nafikiri mkewe alikuwa mrefu.

Jumanne, 18 Juni

Mkufunzi ameisoma ripoti. Amelikata hitimisho kwa kalamu nyekundu, chini ya mstari wangu wa rula. Ya Miwani amempa mwanafunzi mwingine aisome kama mfano.

Lakini ile sentensi ya mkono wa mzee, niliyoiandika pembeni nikasahau kuifuta, ameizungushia duara. Akasema mtu aliyeona hivi harudishwi mwaka mara moja. Amenipa nafasi: Jumapili nirudi, nimwombe msamaha kila aliyecheza na mimi na kucheza naye, niwaulize kwa nini walikuja, niandike wanachosema. Yeye mwenyewe atakuwepo. Shangazi amesema hayo ni maneno ya haki, na pasi ipo tayari nikishindwa.

Ni ya haki kweli. Ila juzi walinivumilia kama mfiwa. Sasa mimi si mfiwa tena, nina miguu yangu tu, na mkufunzi anaangalia.

Nimetafuta njia. Muuguzi wa jirani ameniazima bandeji. Nitaufunga mguu wa kushoto kuanzia kifundoni hadi chini ya goti, niombe msamaha nikiwa nimekaa bila kucheza, waje wao. Nimeanza kuchechemea leo asubuhi, ili kufikia Jumapili niwe nimezoea.