Televisheni ya Mfano Sebuleni kwa Mama Agustina

Hotuba ya Ndugu Vincent Kisyeri, Mratibu wa Kamati Shirikishi ya Sebule Bora, aliyoitoa Jumamosi mchana uani kwa mama Agustina Nyamhanga, huko Kemambo, akiwa amesimama kando ya boksi kubwa lililofunikwa kwa shuka la kijani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniagiza nimwakilishe, na kwa hiyo najikaribisha mwenyewe kwa heshima zote, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia ni mimi, Katibu wa Kamati uliyekaa kivulini, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Dirisha, wazee wetu wa koo zote, shikamooni, viongozi wa dini mliofika na mliotuma salamu, mama mwenye nyumba, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Na kwa kuwa muda tunao wa kutosha, naomba niirudie itifaki kwa faida ya walioingia sasa hivi. (Minong'ono.) Basi, nimeshauriwa nisiirudie.

Ndugu wananchi, tumekutana hapa katika siku ambayo wajukuu wetu watatuuliza tulikuwa wapi, nasi tutajibu kwamba tulikuwa uani kwa mama Agustina tukizindua Mpango Mkakati Shirikishi na Endelevu wa Televisheni Inayolingana na Sebule na Mfuko wa Mwananchi, mpango ambao kwa ufupi tunauita Mpango. (Makofi kiasi.) Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya sebule za hapa zina viti, na asilimia iliyobaki zina watu waliokaa chini, jambo linaloonesha kwamba miundombinu ya kutazama ipo tayari na kinachokosekana ni cha kutazama tu. Changamoto hiyo ndogo ndiyo iliyoifanya Kamati isilale.

Kamati haikukurupuka. Tulifanya ziara ya mafunzo Sirari, tukalala huko, na kwa kuwa elimu haina mwisho, asubuhi tukavuka mpaka hadi Isebania, upande wa Kenya, ambako mfanyabiashara mmoja aitwaye Omolo alituonesha televisheni za kila aina na kutuambia, "Boss, hii ni original kabisa, usiogope, hata jirani ataskia vibaya." Kamati iliyapokea maneno hayo kama maoni ya mdau. Tukajifunza kwamba inchi za televisheni hupimwa kutoka kona hadi kona, siyo upana kama wengi wetu tulivyodanganyana miaka yote. Tukajifunza kwamba ukikaa karibu mno na kioo kikubwa unaona vidoa badala ya mtangazaji. Tukajifunza pia kwamba kuku wa Isebania ni laini kuliko wa kwetu, ingawa hilo limo kwenye ripoti nyingine. (Kicheko.)

Kuhusu bajeti, mwongozo wetu uko wazi na unamfaa mtu wa hali yoyote: televisheni isizidi thamani ya dume mmoja wa ng'ombe aliyenona. Ikifika madume wawili, ndugu zangu, hiyo siyo televisheni tena, hayo ni mahari, na lazima wazee wakae. (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anasema: "Hapo umesema!") Asante mzee. Vilevile usinunue televisheni kwa sababu shemeji yako amenunua. Usinunue bila kuwashiwa dukani. Na usikubali muuzaji akuambie risiti imeliwa na mbuzi.

Sasa nije kwenye sebule hii ya mfano. Baada ya kujifunza kwamba vipimo ni kona hadi kona, wataalamu wetu walikuja hapa na kamba, wakaipima sebule ya mama Agustina kutoka kona hadi kona, wakailinganisha na televisheni tuliyoikusudia, na wakagundua kwamba sebule ni pungufu. Ikaelekezwa ukuta unaoitenga na chumba cha kulala ubomolewe, na ukabomolewa, na leo mama analala sebuleni kwa maana pana zaidi ya neno hilo. (Minong'ono.) Nasikia mtu anasema tungechagua televisheni ndogo. Hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajaenda ziara.

Lakini Kamati iliona mbali zaidi. Mkwe wa mama Agustina, Ndugu Odongo, aliyemwoa binti yake mkubwa, naye ni mpenzi wa mpira, na kila mmoja hapa anajua kwamba mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe wake hata kama ni fainali. Vitabu vya watengenezaji havisemi lolote kuhusu mkwe! Sisi tukaunda Kamati Ndogo ya Dirisha, ikapendekeza dirisha lipanuliwe ili mkwe atazame akiwa nje, na umbali wa kutazama upimwe kuanzia kwake yeye, siyo kuanzia kwenye kochi. Huo, ndugu zangu, ni ubunifu wa kwetu. (Makofi. Odongo, akiwa upande wa pili wa uzio: "Mimi nitakaa nje, hakuna shida! Lakini mvua sasa?") Ndugu Odongo, mvua iko chini ya kamati nyingine.

Najua dirisha hilo bado halina fremu, na najua mvua ya Jumanne iliingia hadi kwenye godoro. Tumelipokea hilo. Tunalifanyia kazi.

(Mama Agustina anasimama: "Mwanangu Kisyeri, samahani. Saa kumi inakaribia. Mtoto wangu Mokami anacheza fainali tangu saa nane, ndiye golikipa. Tangu aondoke kwenda Mwanza sijawahi kumwona akicheza, hata mara moja. Asubuhi nilishavaa viatu niende kwa dada yangu kule mjini, Nyamisangura, nikatazame huko. Ni wewe ulinirudisha njiani, ukasema nitatazama hapa kwangu. Hiyo televisheni inawashwa lini?")

Asante sana mama yangu, na naomba tumpigie makofi kwa kuuliza swali kwa nidhamu. (Makofi machache.) Ni kweli nilimrudisha. Haiwezekani tuzindue sebule ya mfano wakati mwenye sebule yuko mjini akitazama kwa watu. Sasa, kuwasha ni hatua. Kabla ya kuwasha kuna kutambua, kuna kuainisha, kuna kujengeana uwezo, na kuna kitu ambacho sisi wataalamu tunakiita roadmap. Mtu akikimbilia kuwasha bila roadmap, ataona picha, lakini hatajua kwa nini anaiona. (Sauti ya kijana: "Wewe mura, fungua boksi!") Kijana, tusiongozwe na jazba. (Sauti kadhaa: "Fungua! Fungua!")

Kwa kuwa wananchi mmeonesha mwamko, nitakwenda moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema "Sebule yetu", mnasema "Fahari yetu". Sebule yetu! (Sauti moja, ya Katibu: "Fahari yetu!") Dirisha letu! (Katibu anapekua daftari.) Inchi kwa inchi, tutafika! (Mtoto analia.) Ahsante.

Ndugu wananchi, nisiwe mwizi wa fadhila. Namshukuru mwenye duka mmoja wa Nyamisangura kwa kutuazima boksi hili tupu, ili mwananchi aone kwa macho yake ukubwa wa kitu ambacho angekuwa nacho. (Kelele.) Nawashukuru vijana waliolijaza matofali lisipeperushwe na upepo, na kwa kuwa matofali yenyewe yametoka kwenye ukuta wa mama Agustina, hapo utaona hakuna rasilimali iliyopotea. Nawashukuru kwa dhati wataalamu ambao, Mungu akipenda, watateuliwa kuandika andiko la Mpango huu, maana hadi sasa haujaandikwa, wala haujaombewa fedha, wala ngazi ya juu haijaambiwa kwamba upo, na katika hali hiyo nyinyi kuja kwa wingi kiasi hiki ni imani kubwa sana kwetu. (Watu wanaanza kuondoka.) Tubaki kidogo, kuna soda. Samahani, naambiwa soda pia iko kwenye andiko.

Mwisho kabisa namshukuru dereva wangu, ambaye muda wote huu amebaki kwenye gari akisikiliza mpira redioni, na ameniletea taarifa hapa kwamba mechi imekwisha kwa matuta, na penalti ya mwisho imedakwa na Mokami, na uwanja mzima umesimama unaimba jina lake. (Vigelegele. Watu wanarudi. Odongo anarusha kofia juu.) Hongera sana mama. Kamati inalipokea kombe hili kama sehemu ya mafanikio yake.

(Mama Agustina hajapiga kigelegele. Ameingia ndani na kukaa kwenye kochi lake, anaonekana dirishani akiutazama mwanya palipokuwa na ukuta. Anauliza polepole: "Alirukia upande gani?")

Swali zuri sana, mama. Utajibiwa kwa maandishi. Asanteni kwa kunisikiliza.