Majani Marefu Kuliko ya Akonaay

Jumatatu, 17 Novemba 2025
Mvua imeanza. Namshukuru Mungu, ila usingizi hakuna. Kila ngurumo nasikia Jorodom. Mlima Hanang uliposhuka na tope ukafukia watu kule mwaka ule, ulianza hivihivi, mvua tu. Na nyumba yangu iko chini kabisa ya kilima changu mwenyewe. Nimelala na viatu. Si woga! Ni akili.

Asubuhi nimekagua malisho kilimani. Majani kiunoni, kijani mpaka yanataka kuwa meusi. Endasak nzima hakuna kama haya. Siri yangu ni mbolea ya yuria, mwaka wa tatu sasa, ile ya mahindi ya mke wangu Genoveva. Mahindi yamekuwa ya njano, lakini nani anatazama mahindi? Majani ya jirani yangu Akonaay ni mafupi, yamejaa vimaua. Alipopita nikamwuliza hayo ni malisho au kichwa cha mgonjwa. Akacheka tu. Sipendi mtu anayecheka tu.

Jumatano, 19 Novemba
Ajabu! Mavi ya ng'ombe kwangu hayaondoki. Ya wiki iliyopita yapo, ya kabla ya hapo yapo. Zamani wadudu waliyafukia wenyewe. Kwa Akonaay pasafi. Nimechimba kwa jembe, nyungunyungu hakuna hata mmoja! Udongo mgumu, hauna harufu.

Kisha nikajua. Akonaay amewavuta wadudu wangu kwake. Genoveva akasema, Baba Lameck, nani duniani anaiba minyoo? Nikamwambia, mwenye wivu.

Alhamisi, 20 Novemba
Siku mbaya. Dume langu liling'oa fungu la majani kilimani, likatoka lote na mizizi, kama unavyovuta blanketi. Mizizi mifupi, haifiki kidole. Halafu blanketi zima likateleza na dume juu yake! Likaja mpaka mlango wa jiko. Likasimama pale, linatafuna.

Genoveva akaacha ugali motoni. Akaishika ile mizizi. Akasema majani yangu ni mtoto wa kuletewa chakula kitandani, yashuke chini kutafuta nini? Yana tumbo, hayana miguu. Nikamjibu mtu wa mahindi hajui majani. Akasema, dada yangu tulimfukua kwenye tope Jorodom, mimi hunifukui.

Ameenda kwa kaka yake Renatus, Haydom. Harudi mpaka niache yuria na kilima kishike.

Jumapili, 23 Novemba
Akonaay kaenda kanisani, mimi nimesema naumwa. Nikaingia malishoni kwake na ndoo. Nyungunyungu wanene kama vidole vya padri! Mizizi yake nimeifuata mpaka kiwiko kimezama, bado inashuka. Nilichukia sana. Nikajaza ndoo.

Kuinuka, Akonaay huyu hapa, na tai yake. Akaniuliza, mzee mwenzangu, unaenda kuvua samaki wapi? Nikamwambia wanangu hawa, nawarudisha nyumbani. Unajua alifanya nini? Alinibebea ndoo! Aibu gani hii? Njiani akauliza, ila kwako watakula nini bwana, chumvi?

Jumanne, 25 Novemba
Mvua bila kupumzika. Wale nyungunyungu wametoka juu wote, wamelala weupe, wamekufa. Na kilimani kuna ufa. Mguu unaingia. Nimeutoa haraka.

Genoveva kapiga simu. Nikamwambia hapa shwari kabisa. Akauliza, umelala na viatu? Nikasema mtandao mbaya. Nikakata. Kisha nikakaa na simu mkononi. Nyumba bila yeye, hata ngurumo ni kubwa zaidi.

Jumatano, 26 Novemba
Nimefikiri sana, na mimi nikifikiri mambo hunyooka. Kosa si yuria. Nyungunyungu wa Akonaay wamezoea shida, chakula kizuri kimewashinda. Na ule ufa? Ni njaa! Ardhi imefungua mdomo, inaomba.

Nimeagiza mifuko miwili. Mmoja naumwaga wote ndani ya ufa. Genoveva akirudi atakuta kilima kimeshiba, kimetulia.

Wingu jeusi limekaa Hanang. Nimefunga viatu mafundo mawili. Dume limegoma kupanda kilimani tangu asubuhi, limesimama kwa Akonaay. Sijui siku hizi ng'ombe wamepata wapi woga.