Kuhusu Mpaka wa Parokia Uliopitishwa kati ya Jengo la 103 na Jengo la 104

Kwa Mhashamu Baba Askofu,

Amani ya Kristo iwe nawe, na iwe pia na Kansela wako, ambaye najua ndiye atakayeifungua barua hii kwanza.

Mimi naitwa Tak Sang-geun, jina la ubatizo Silvesta, mwalimu mstaafu, umri miaka sabini na tisa, mkazi wa ghorofa ya kumi na moja, jengo la 104, mtaa wa Daljae. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa muumini wa Parokia ya Daljae. Tangu Jumapili ya kwanza ya Septemba mimi ni muumini wa Parokia ya Daljae ya Pili. Sikuhama. Kitanda changu kiko palepale kilipokuwa. Ni Jimbo lililopita chini yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Utaratibu wa Kanisa naufahamu na ninauheshimu. Jimbo lina dekania, dekania ina parokia, parokia ina kanda, kanda ina jumuiya, na jumuiya yetu ina Bi. Ok-bun wa ghorofa ya tatu, ambaye hujua nani hakwenda Misani kabla Misa haijaisha. Waraka wako wa kuigawa parokia yetu ulieleza kwamba waumini wa Daljae wamefika elfu saba, na kwamba paroko hawezi tena kuzijua sura za kondoo wake. Hilo ni kweli. Paroko alikuwa akiniita Severini. Nilimsahihisha mara nne.

Pamoja na hayo, yapo malalamiko, nami nayaorodhesha.

1. Mpaka umefuata barabara kuu. Nilipomwuliza paroko kwa nini, alinijibu, "Mzee, barabara haibadiliki." Barabara hiyo imehamishwa mara mbili machoni pangu. Mwaka ambao binti yangu aliolewa, ilikuwa ikipita nyuma ya jengo letu. Kama Jimbo lingetugawa wakati huo, jengo la 104 lingebaki Daljae. Nashindwa kuelewa jinsi wahandisi wa manispaa, ambao wengi wao hata hawajabatizwa, walivyopewa madaraka ya kunichagulia paroko.

2. Kadi yangu ya muumini ilihamishwa bila mimi. Nilikwenda ofisini kuuliza. Katibu wa parokia, Bi. Myeong, aliniambia bila kuinua macho, "Babu, kompyuta ilikwisha kuwahamisha nyote tangu Ijumaa. Wewe nenda tu kule, watakupokea." Mhashamu, mimi nilijiandaa kwa ubatizo mwaka mzima, nikahojiwa na padre, nikakariri sala zote. Kuondoka kumechukua usiku mmoja.

3. Marehemu mke wangu, Petronila, hakuhamishwa. Kadi yake imo katika kabati la wafu la parokia ya zamani, na jina lake husomwa huko kila Novemba. Mimi niko Daljae ya Pili, yeye yuko ya Kwanza. Ndoa tuliyofunga mbele ya altare imetenganishwa na ofisi ya Jimbo pasipo kesi wala mashahidi. Kama kuna mahakama ya Kanisa iliyoshughulikia jambo hili, naomba nakala ya hukumu.

4. Parokia mpya haina kanisa. Tunasali katika ukumbi wa kupanga, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuku wa kukaanga. Sina chuki na kuku. Lakini siku za Ijumaa, ambapo Kanisa lenyewe limetukataza nyama, harufu hupanda kwenye ngazi na kuingia Misani mbele ya padre. Ijumaa iliyopita wakati wa mageuzo ya mkate na divai nilimsikia jirani yangu akimeza mate.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mhashamu unajua kwamba mtu wetu anapofariki, kundi la kuombea marehemu la parokia yake hufika kwenye ukumbi wa msiba kuimba sala za wafu. Huimbwa kwa pande mbili: upande mmoja hutoa mstari, upande wa pili huupokea. Kwa miaka thelathini na mmoja mimi nimeongoza upande wa kwanza, na Maeng Ho-sik, jina la ubatizo Fabiano, ameongoza wa pili. Ananizidi miezi minne, na kwa sababu ya miezi hiyo huniita mdogo wake hadi leo. Tuliwekeana ahadi kwamba atakayetangulia ataimbiwa na atakayebaki.

Fabiano anakaa jengo la 103.

Tangu Septemba, tukikutana kwenye kivuko cha barabara kuu, husema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Mdogo wangu wa Pili, habari za ng'ambo? Pasipoti umekuja nayo?" Mimi humjibu kwamba mtu asiye na nidhamu barabarani hana nidhamu kanisani. Kisha tunasimama mpaka taa inabadilika. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Hakusema umechoka kiasi gani, nami sikumwuliza. Fabiano anajua, maana ndiye aliyenipeleka.

Sasa, kanuni ya saba ya kundi letu inasema kwamba kila kundi lihudumie wafu wa parokia yake tu, ili pasiwe na vurugu. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe nilipokuwa mwenyekiti. Bado naiona kuwa ni kanuni nzuri sana. Ndiyo maana siombi ivunjwe. Naomba dunia irekebishwe ili iifuate.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, Mhashamu achague lililo jepesi kwake.

La kwanza, mpaka upite mashariki ya jengo la 104 badala ya magharibi yake. Ni mita arobaini tu. Nilizipima kwa hatua.

Ikiwa jengo la 105 litalalamika kwa kuachwa, na litalalamika, kwa sababu nawafahamu, basi mpaka ugawe jengo letu kwa ghorofa: ya kwanza hadi ya kumi ziwe za Daljae ya Pili, na kuanzia ya kumi na moja ziwe za Daljae. Lifti iachwe chini ya dekania.

Ikiwa jirani yangu wa ghorofa, Bw. Bok, hatataka kurudi, maana amekwisha kuchaguliwa mweka maua na cheo kimempendeza, basi mpaka upite ndani ya nyumba yangu peke yake. Jiko na sebule viwe vya parokia ya Pili, chumba cha kulala kiwe cha parokia ya Kwanza. Mimi kwa upande wangu naahidi kwa maandishi kufia chumbani. Nikishikwa na ugonjwa nikiwa jikoni, nitajikokota.

Na kama hata hilo halimo katika uwezo wa Jimbo, sioni njia nyingine ila nyumba yangu ifanywe Jimbo linalojitegemea. Sihitaji uaskofu. Nahitaji tu haki ya kumwalika mtu mmoja kutoka jimbo la jirani, kama maaskofu wanavyoalikana, aje aimbe.

Nasubiri jibu kwa utii. Nawasalimu Makamu wako, Kansela, masista wa jikoni kwako, na dereva wako, ambaye nilimfundisha darasa la pili na ambaye hakuwa mjinga kama ripoti yake ilivyosema.

Wako katika Kristo,
Tak Sang-geun Silvesta

Nyongeza: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Jana mchana Bi. Ok-bun alinipigia simu: bibi mmoja wa jengo la 107 amefariki. Nilikwenda. Kundi la parokia mpya, ambalo lina majuma sita tangu liundwe, ni wanawake watano na dereva wa teksi. Walisoma sala za wafu kama watu wanaosoma maelezo ya dawa. Sikuweza kuvumilia, nikasimama nikatoa mstari wa kwanza. Upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuupokea. Nikatoa wa pili. Nilipotoa wa tatu ukapokewa kutoka mlangoni, na Fabiano akaingia akiwa bado na koti la mvua mwilini, akakaa chini upande wake. Tulipopumzika aliniinamia akasema, "Umepanda juu mno, mdogo wangu. Shusha, utatuua na sisi." Tuliimba mpaka jioni. Binti wa marehemu aliuliza kama tutarudi leo. Fabiano akamjibu kabla yangu.

Kwa hiyo naomba mpaka usiguswe. Watu wa huku hawajui kuimba, na mtu hawezi kuwaacha hivihivi. Badala yake, tafadhali wahamishieni kwetu wazee kumi wa Parokia ya Daljae, ambao majina yao nimeyaambatanisha, kuanzia na Maeng Ho-sik. Hakuna haja ya kuwauliza. Ifanyeni Ijumaa, wakiwa wamelala.